Delhi: kodi ya chumba ni bili ya pili ya mgonjwa

Barua ya hospitali ya India inapoifikia familia ya Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, hesabu ya kwanza huwa ileile: tiketi ya ndege, viza, operesheni na dawa. Ndugu wanachanga, mmoja anauza parseli, kanisa linaongeza kidogo. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi halimo kwenye karatasi ile: mgonjwa na anayemlinda watalala wapi, kwa siku ngapi, na kwa bei ya nani.

Jambo hilo si dogo. Katika mji kama Delhi, mji mkuu wa India, chumba cha kupanga kimekuwa sehemu ya matibabu. Bei yake haipangwi na daktari wala na serikali. Inapangwa na mwenye nyumba, na komisioneri, na haraka ya mgonjwa mwenyewe. Na mkaaji wa Delhi anayetafuta nyumba katika mtaa huohuo anakutana na bei hiyohiyo, ingawa yeye hakuja kutibiwa.

Kwa hiyo utalii wa matibabu, yaani safari za kwenda nchi nyingine kutafuta daktari, hautoshi kuhesabiwa kwa idadi ya operesheni na fedha za kigeni. Ni biashara ya nyumba pia. Mji unaoupokea bila kupanga wageni watalala wapi unawatwisha mzigo watu wa aina mbili ambao hawana nguvu ya kukataa: mgonjwa na mpangaji wa kawaida.

KITANDA CHA HOSPITALI NI CHA SIKU CHACHE

Wengi wanaamini kwamba anayekwenda kutibiwa ng'ambo anakaa hospitalini. Ukweli ni kwamba siku nyingi anakaa nje ya hospitali.

Mgonjwa wa saratani ni mfano mzuri. Dawa za kemotherapia hutolewa kwa mizunguko. Mizunguko sita yenye wiki tatu kati ya mmoja na mwingine inakaribia miezi minne, na kila mzunguko unaweza kumalizika kwa siku moja au chache. Tiba ya mionzi nayo hufanyika kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hadi saba, na kila mara mgonjwa anakaa kwenye mashine dakika chache tu. Anabaki na saa nyingine zote za siku. Anazipitisha katika chumba alichokodi.

Mgonjwa wa figo ana safari ndefu zaidi. Sheria ya India ya mwaka wa 1994 kuhusu kupandikiza viungo vya binadamu inataka kamati maalumu ichunguze kesi ya mgeni kabla ya operesheni, na ubalozi wa nchi yake uthibitishe hati za mgonjwa na za mtu anayetoa figo. Karatasi hizo zinachukua muda. Baada ya operesheni, madaktari wanamtaka mgonjwa awe karibu ili wapime damu na kurekebisha dawa. Muda wote huo watu wawili au watatu wanakula, wanalala na wanalipa kodi: mgonjwa, mtoa figo na mlinzi wao.

Hata viza imejengwa kwa hesabu hiyo. India inatoa viza ya matibabu kwa mgonjwa, pamoja na viza za kumsindikiza kwa watu wasiozidi wawili. Kwa hiyo kitanda kimoja hospitalini kinaweza kumaanisha vitanda vitatu mtaani.

Hoteli haiwafai watu wa namna hiyo. Bei ni ya kila usiku, na jiko hakuna. Mgonjwa aliyetoka kwenye dawa kali hawezi kula chakula chenye pilipili kila siku. Mama aliyemsindikiza anataka mahali pa kusonga bugali na kuchemsha mboga. Wanachotafuta ni nyumba ya kawaida, yenye jiko na bafu, karibu na hospitali. Yaani wanatafuta nyumba ileile anayoitafuta mwalimu, muuguzi au karani wa Delhi.

MITAA ILIYOGEUKA

Delhi ina mitaa ambayo mabadiliko haya yanaonekana kwa macho. Lajpat Nagar, kusini mwa mji, imejulikana kwa miaka mingi kama mahali pa wagonjwa kutoka Afghanistan: nyumba za wageni, maduka ya dawa yenye maandishi ya Kidari, mikate ya Kiafghani, wakalimani wanaosubiri wateja. Hauz Rani, kijiji cha zamani kilichomezwa na mji, kinatazamana na hospitali kubwa za Saket, na vichochoro vyake vimejaa vyumba vya kukodisha kwa wageni. Sarita Vihar na Jasola ziko jirani na hospitali ya Indraprastha Apollo, iliyofunguliwa mwaka wa 1996. Nje kidogo ya mji, huko Gurugram, hospitali ya Medanta ilifunguliwa mwaka wa 2009, na nyumba za kupanga zilizo karibu nayo zinaishi kwa wagonjwa.

Delhi haiko peke yake. Chennai, kusini mwa India, ina vichochoro vya Greams Road karibu na hospitali ya kwanza ya Apollo, iliyoanzishwa mwaka wa 1983. Vellore, mji mdogo wenye hospitali ya kimisionari iliyoanza mwaka wa 1900, una vyumba vya kukodisha kwa wagonjwa pande zote za hospitali. Kolkata, mashariki, ina mtaa wa Mukundapur, ambako wagonjwa wengi walikuwa wanatoka Bangladesh.

Idadi ya wageni inaeleza kwa nini. Kwa takwimu za serikali ya India, mwaka wa 2019 watu karibu 697,000 waliingia nchini humo kwa ajili ya matibabu. Watu wa idadi hiyo ni mji mzima, isipokuwa wakaaji wake wanahama kila wiki na wote wanataka kukaa karibu na hospitali zilezile.

HESABU YA MWENYE NYUMBA

Tuseme, kwa mfano tu, kuna nyumba yenye vyumba viwili ambayo familia ya Delhi inaweza kuilipia rupia 25,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akiamua kuikodisha kwa wagonjwa kwa rupia 1,500 kila usiku, anahitaji usiku 17 tu ili apate zaidi ya ile kodi ya mwezi. Akikitoa kila chumba peke yake kwa bei hiyo, usiku tisa kwa kila chumba unamtosha. Siku zinazobaki ni faida, akitoa gharama za usafi, umeme na mtu wa kupokea wageni.

Kwa hesabu hiyo, hakuna haja ya kumwita mwenye nyumba mtu mbaya. Anafanya kile ambacho mwenye nyumba yeyote wa Goma au Kinshasa angefanya. Wengine ni wazee au wajane ambao kodi ndiyo pensheni yao. Lakini matokeo yake ni kwamba nyumba inaondoka kwenye soko la wapangaji wa mwaka na kuingia kwenye soko la wageni wa wiki. Zikiondoka nyumba kumi kwenye kichochoro kimoja, zile zilizobaki zinapandishwa bei kwa sababu zimekuwa chache. Mpangaji anaambiwa: ukishindwa, wapo wanaolipa.

Sheria haimsaidii sana mpangaji huyo. Sheria ya Delhi ya kudhibiti kodi, ya mwaka wa 1958, haigusi nyumba ambazo kodi yake imepita rupia 3,500 kwa mwezi, kiasi ambacho nyumba ya kawaida karibu na hospitali hizo ilikipita zamani. Mikataba mingi huandikwa kwa miezi 11, kwa kuwa mkataba wa mwaka au zaidi unapaswa kusajiliwa serikalini na kulipiwa. Miezi 11 ikiisha, bei inajadiliwa upya. Mwaka wa 2021 serikali kuu ilipitisha sheria ya mfano inayosema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi miwili, lakini kila jimbo limeachiwa uhuru wa kuipokea au kuiacha.

Mgonjwa wa kigeni naye yuko katika hali ngumu zaidi anapokutana na bei. Mpangaji wa kawaida anaweza kusema «nitarudi kesho» na kuendelea kutafuta. Aliyetoka uwanja wa ndege usiku na mtu anayepumua kwa shida hawezi. Anachukua chumba cha kwanza alichoonyeshwa, na anayemwonyesha mara nyingi ni wakala aliyempeleka hospitalini, ambaye ana fungu lake kwa kila mgonjwa na anaweza kuwa na fungu jingine kwa kila chumba.

WANAOLALA BARABARANI

Upande mwingine wa jambo hili hauhusu wageni hata kidogo.

Mjini Delhi kuna hospitali ya umma ya AIIMS, iliyoanzishwa mwaka wa 1956. Matibabu yake ni ya bei nafuu sana, na Wahindi maskini wanaifuata kutoka Bihar, Uttar Pradesh na majimbo mengine ya mbali. Usiku, hasa wakati wa baridi, magazeti ya India hupiga picha zilezile mwaka baada ya mwaka: wagonjwa na ndugu zao wamelala kwenye njia ya miguu mbele ya hospitali, wamejifunika mablanketi, makaratasi ya hospitali yakiwa chini ya kichwa. Mji unaweka mahema na vyumba vya kulala bure, lakini havitoshi.

Watu hao hawakushindwa kumlipa daktari. Walishindwa kulipa chumba. Katika mji ambao chumba kilicho karibu na hospitali kinapimwa kwa mfuko wa mgeni mwenye dola, Mhindi aliyeuza ng'ombe ili afike Delhi hana mahali pake.

Mumbai ilionyesha jinsi ugomvi huu unavyoweza kuwa mchungu. Hospitali ya saratani ya Tata Memorial, iliyoko Parel, inapokea wagonjwa kutoka nchi nzima, na wengi wamekuwa wakilala barabarani. Mwezi wa tano mwaka wa 2021 serikali ya jimbo la Maharashtra ilikabidhi nyumba 100 za shirika la nyumba la jimbo ili wagonjwa na ndugu zao wapate pa kukaa. Mwezi uliofuata, baada ya wakaaji wa majengo hayo kulalamika, waziri mkuu wa jimbo alisimamisha uamuzi huo, kisha nyumba nyingine zikatafutwa katika jengo jingine la eneo hilo.

Ni rahisi kuwahukumu wakaaji waliolalamika. Lakini walichokisema kinasikika katika kila mji wenye hospitali kubwa: mgonjwa asaidiwe, lakini si kwa nyumba zetu. Wapangaji na wagonjwa wanagombana kuhusu vyumba vichache kwa sababu mpango ulikosekana tangu mwanzo. Hospitali ilijengwa, ikapanuliwa, ikasifiwa, na hakuna aliyeuliza wagonjwa watalala wapi.

VIZA INAPOFUNGWA, MTAA UNANYAMAZA

Wapo wanaotetea utalii wa matibabu kwa hoja nzito. Unaleta kazi. Mwenye nyumba anapata, mpishi anapata, dereva, mfua nguo, mkalimani na muuza dawa wanapata. Huko Lajpat Nagar, wakimbizi wa Afghanistan wenyewe walipata mkate kwa kuwatafsiria wagonjwa wa nchi yao. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa.

Ila mkate huo unategemea muhuri wa viza. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga mipaka, idadi ya wagonjwa wa kigeni nchini India ilishuka kutoka karibu 697,000 hadi karibu 183,000. Mwezi wa nane mwaka wa 2021, Taliban walipoingia Kabul, India ilifuta viza ilizokuwa imewapa Waafghani waliokuwa bado nje ya India, na nyumba za wageni za Lajpat Nagar zikakosa wateja wake wa kila siku. Mwezi wa nane mwaka wa 2024, serikali ya Sheikh Hasina ilipoanguka huko Dhaka, India ilipunguza sana viza kwa raia wa Bangladesh, ambao kwa miaka iliyotangulia walikuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wa kigeni nchini humo. Huko Mukundapur na kwenye mitaa ya hoteli za bei ndogo katikati ya Kolkata, vyumba vikabaki vitupu.

Waliokopa benki ili kugeuza nyumba kuwa vyumba vya wagonjwa walibaki na deni. Na wapangaji wa zamani waliohamishwa hawakurudi siku iliyofuata, kwa sababu walikuwa wamekwisha kupeleka watoto shule za mbali na kuzoea mabasi mengine. Mtaa uliopangwa kwa ajili ya wageni peke yao unaumia mara mbili: wageni wanapofika, na wageni wanapokosekana.

MKONGOMANI MBELE YA MLANGO

Kwa Mkongomani kuna mambo mawili zaidi.

La kwanza ni rangi ya ngozi. Waafrika wengi wanaoishi Delhi wameeleza jinsi wenye nyumba wanavyowakatalia au kuwadai zaidi. Mwezi wa tano mwaka wa 2016, kijana Mkongomani aliyekuwa akifundisha Kifaransa alipigwa hadi kufa katika eneo la Vasant Kunj, na mabalozi wa nchi za Afrika mjini Delhi walilalamika kwa pamoja. Mgonjwa anayefika akiwa dhaifu hawezi kugonga milango 20. Anakwenda palepale ambapo Waafrika wanapokelewa, na mahali hapo ni pachache. Uchache huo una bei yake.

La pili ni karatasi. Sheria ya India inamlazimu kila anayempokea mgeni wa kigeni, awe mwenye hoteli au mwenye nyumba, kuwajulisha maofisa wa uhamiaji ndani ya saa 24 kwa fomu ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama Fomu C. Wenye nyumba wengi hawataki usumbufu huo, hivyo wanakataa wageni. Wengine wanachukua pesa bila kujaza fomu. Mgonjwa hajui lolote hadi siku anapotaka kuongezewa muda wa viza, kwa kuwa daktari amesema abaki mwezi mmoja zaidi. Hapo ndipo anaulizwa uthibitisho wa mahali anapoishi, na hana. Kosa ni la mwenye nyumba. Adhabu ya usumbufu inamwangukia mgonjwa.

Haya hayapatikani India tu. Wakongomani wa Beni, Butembo na Bunia wanavuka kwenda Kampala. Wa Lubumbashi wanakwenda Zambia na Afrika Kusini. Na katika ukanda huu mfano wa wazi upo. Mwaka wa 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago mjini Kampala, iliharibika. Hospitali ya Aga Khan University ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 wa Uganda bila malipo. Mionzi ilikuwa ya bure. Nauli na mahali pa kulala kwa wiki kadhaa vilibaki vikitafutiwa jibu. Hata zawadi ya matibabu haitoshi kama haina chumba.

NINI KIFANYIKE

Dawa ya kwanza iko mikononi mwa hospitali. Hospitali inayomtumia mgonjwa wa ng'ambo makadirio ya gharama iandike humohumo gharama ya malazi: siku ngapi nje ya hospitali, watu wangapi, bei ya chini na ya juu ya chumba katika mtaa wa karibu. Madaktari wanajua muda huo, kwa sababu ndio wanaopanga mizunguko ya dawa. Kuuficha ni kumdanganya mgonjwa, hata kama kila tarakimu iliyoandikwa ni sahihi.

Dawa ya pili iko kwa serikali za miji. Hospitali ya Indraprastha Apollo ilijengwa kwenye ardhi ambayo serikali ya Delhi iliitoa kwa bei ya mfano ya rupia moja, kwa sharti kwamba theluthi moja ya vitanda viwe bure kwa maskini. Utekelezaji wa sharti hilo ulifikishwa hadi mahakamani, lakini wazo lenyewe ni la busara: anayepewa ardhi ya umma anadaiwa kitu kwa ajili ya umma. Mji uliojua kudai vitanda unaweza kudai vyumba pia. Hospitali mpya ikitaka kibali, ionyeshe itawalaza wapi walinzi wa wagonjwa wake.

Inawezekana, kwa kuwa imekwisha kufanyika. Mwezi wa kumi mwaka wa 2021, kwenye taasisi ya taifa ya saratani iliyoko Jhajjar, jimbo la Haryana, karibu na Delhi, lilifunguliwa jengo la malazi lenye vitanda 806 kwa wagonjwa na ndugu zao, lililojengwa na wakfu wa kampuni ya Infosys. Huko Mumbai, shirika la St. Jude limekuwa tangu mwaka wa 2006 likiwapa makao ya bure watoto wenye saratani na wazazi wao. Kila kitanda cha namna hiyo kinamsaidia mgonjwa, na papo hapo kinamwachia nyumba mpangaji wa mtaani.

Dawa ya tatu ni ya kanuni. Nyumba inayopokea wagonjwa kwa usiku isajiliwe kama biashara, ilipe kodi ya serikali kama biashara, na ibandike bei mlangoni. Idadi ya nyumba za namna hiyo katika mtaa mmoja iwe na kikomo. Kanuni hiyo haimnyimi mwenye nyumba faida. Inamzuia tu kuifanya kwa gharama ya jirani yake. Na ikiwa nyumba imesajiliwa, fomu ya wageni inajazwa, na mgonjwa anapata usingizi.

Dawa ya nne ni ya Kongo. Ubalozi wa Kongo mjini New Delhi ndio unaothibitisha hati za wagonjwa wa figo, hivyo unawajua raia wake wanaokuja kutibiwa. Ofisi inayojua hivyo inaweza kutunza orodha ya nyumba zilizosajiliwa, zinazopokea Wakongomani bila matusi na kwa bei inayojulikana. Orodha ya ukurasa mmoja haigharimu serikali fedha nyingi. Inaweza kuiokolea familia bei ya parseli nusu.

Familia nayo iulize kabla ya kupanda ndege. Siku ngapi nje ya hospitali? Nani atapokea pesa za chumba, na atatoa risiti? Jiko lipo? Mwenye nyumba atajaza fomu ya wageni? Mgonjwa akifariki au akipona mapema, garanti itarudi? Wakala anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kujibu.

SOMO LA NYUMBANI

Itakuwa kosa kuisoma habari ya Delhi kama habari ya watu wa mbali. Kongo inataka, na ina haki ya kutaka, hospitali ambazo watu watazifuata kutoka mbali badala ya kuuza mali ili waende ng'ambo. Baadhi zipo. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka wa 1999, imepokea wagonjwa wanaosafiri siku nzima, na wengine zaidi, ili kuifikia. Kila hospitali ya namna hiyo inafuatwa na walinzi wa wagonjwa wenye sufuria, makaa na magodoro, na kila mlinzi anatafuta chumba.

Sheria ya kuanzia ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba za kuishi inasema garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Kila mpangaji wa Kinshasa anajua jinsi sheria hiyo inavyoheshimiwa: komisioneri anataja miezi sita au zaidi bila kupepesa macho. Kama sheria haimlindi mkaaji mzima wa afya mwenye muda wa kulalamika, haitamlinda mama aliyeleta mtoto kutoka kijijini kwa mwezi mmoja wa matibabu.

Kwa hiyo kila mradi wa hospitali kubwa nchini, wa serikali, wa kanisa au wa mfanyabiashara, ungeanza vizuri kwa kuonyesha ramani yenye majengo mawili: moja la kutibu na moja la kulala. Gharama ya jengo la pili ni ndogo mbele ya bei ya mashine za jengo la kwanza. Likikosekana, halitaacha kujengwa. Litajengwa na soko, chumba kwa chumba, katika nyumba za watu, kwa bei ambayo mgonjwa hawezi kuijadili na jirani yake hawezi kuilipa.